Kipimo cha Shingo

Usiku ule niliogopa kulala. Kesho yake asubuhi nilitakiwa kusimama mbele ya kijiji kizima na kutamka neno moja tu, na neno nililokuwa nimejiandaa kulitamka lilikuwa la uongo.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana si kila mahali ipo. Kijiji chetu hakina mto unaotiririka wala bomba. Tuna lambo. Baba zetu waliziba korongo kwa ukuta wa udongo, mrefu kama kutoka kanisani hadi shuleni, wakaacha pembeni njia ya kutolea maji yanayozidi, na tangu hapo mvua za mwaka huu ndizo tunazokunywa hadi mvua za mwaka unaofuata. Mvua zikishakatika kuna siku ya kupima. Watu wote hukaa juu ya ukuta. Mpimaji husukumwa hadi katikati akiwa juu ya madumu matupu yaliyofungwa pamoja kwa kamba, huzamisha mti wa kupimia mpaka ukome, husoma maji yamefika wapi, kisha hutangaza kwa sauti. Mti wenyewe una alama nne zilizochongwa kwa kimo cha mtu: goti, kiuno, kifua na shingo. Akisema shingo, tunakaa wote mpaka mvua zirudi. Akisema kifua, ng'ombe wa wageni wanarudishwa kwao. Akisema kiuno, mifugo yote inahamishiwa bonde la kusini. Akisema goti, watu wenyewe wanafunga mizigo mapema, wakiwa bado na maji ya kunywa njiani. Hakuna anayebishana naye. Kalenda za ukutani tunazo, lakini tunayoifuata ni ya mdomo wa mpimaji.

Baba ndiye aliyekuwa mpimaji. Alipofariki nikachaguliwa mimi kwa sababu mbili: ni binti yake, na ni mwembamba, madumu hayazami. Alipokuwa mgonjwa alinikabidhi mti ule, akanionyesha kifuniko cha kopo la rangi alichokipigilia misumari kwenye ncha ya chini. "Mariamu, hiki kisitoke," aliniambia. Nikaitikia kama tunavyowaitikia wazee wagonjwa. Kwa kweli niliona ni mambo ya baba tu, mtu aliyekuwa akifunga redio yake kwa mipira ya baiskeli.

Mwaka juzi kifuniko kile kilikatika kwa kutu, kikabaki majini. Nikapima bila hicho. Mti ulizama vizuri kuliko miaka yote, maji yakafika shingo, alama ambayo ilikuwa haijasikika kwa muda mrefu. Niliposema "Shingo", wanawake walipiga vigelegele mpaka punda wakakurupuka. Mwaka jana nikapima, shingo tena. Wakaanza kuniita Mama Shingo. Watoto walikuwa wakinikuta njiani wananiamkia kwa jina hilo, na mimi, nisiwafiche, nilikuwa napita njia ndefu makusudi ili wanikute. Nilipenda sana kupendwa.

Kumbe nilikuwa napima tope. Kazi ya kifuniko ilikuwa kukaa juu ya tope na kuuzuia mti, ili kinachosomwa kiwe maji peke yake. Bila kifuniko, ncha ilitoboa tope laini mpaka chini kabisa, kwenye udongo mgumu walioukanyaga baba zetu. Maji yenyewe yalikuwa tabaka jembamba juu. Chini yake kote ni uji wa udongo ulioshuka na mvua kutoka mashamba ya mlimani.

Mwaka juzi maji yaliisha kabla ya wakati, tukalaumu jua. Mwaka jana yaliisha mwezi wa nane, wakati kila mtu yupo, na ng'ombe wote wapo, na nyasi za njia ya kuhamishia mifugo zimeshakwisha. Wanawake wakaanza kwenda kuchimba kwenye mto wa mchanga. Mashimo yakawa marefu kuliko mtu. Wifi yangu Tabu, mke wa mdogo wangu Yohana, alikuwa ndani ya shimo mojawapo akichota wakati kuta za mchanga zilipomwangukia. Walipomfikia alikuwa bado ameshika kata.

Siku chache baada ya kumzika nilitembea juu ya sakafu ya lambo iliyopasuka, nikakiona kile kifuniko kimeganda juu ya tope kavu. Nikasimama pale, nikaangalia chini, nikaelewa kila kitu. Sikumwambia mtu. Nilikibeba ndani ya khanga, nikaenda kukificha chini ya kitanda.

Wiki moja kabla ya usiku ninaousimulia, nilikifunga kwenye mti nikaenda kupima peke yangu, mchana wa jua kali ambapo hakuna mtu lamboni. Goti. Na hata hilo goti halikutimia, nililisoma kwa kuwa nililitaka. Nikakifungua tena kifuniko nikakirudisha chini ya kitanda, kwa sababu kama mwaka huu ningesema goti, watu wangeuliza imekuwaje, mbona mwaka jana ilikuwa shingo na mvua hazikupishana sana. Na jibu la swali hilo lilikuwa kaburi la Tabu.

Jioni ile Yohana alikuja kukaa nami uani. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya lambo. Nilimpa ugali wa mtama na mlenda, akala kidogo, akanawa.

"Dada, kesho tunangoja neno lako."

"Neno la maji, si langu."

"Mvua haikuwa mbaya mwaka huu. Sema shingo tukalale." Akacheka kidogo, na mimi nikacheka naye.

Nikamjaribu. "Na nikisema goti?"

Alijikausha mikono kwenye suruali. "Wataondoka wote," alisema. "Shule itafungwa. Wakishazoea maji ya huko kusini hawarudi, unawajua. Mimi nitabaki. Nani atamwangalia Tabu?"

Alipoondoka nilifunga mlango, nikajilaza na nguo zangu. Nilijiambia kwamba shingo si uongo mkubwa. Nilijiambia kwamba huenda ule mtambo wa kufukua tope, tunaoahidiwa kila mara, ungekuja mwaka huu. Nilijiambia mengi.

Sijui nilipitiwa na usingizi saa ngapi. Ninachojua ni kwamba jua lilikuwa limewaka, na nilikuwa nimekaa juu ya madumu katikati ya lambo, na mtu aliyekuwa akinisukuma kutoka nyuma alikuwa Tabu.

Nilijua kwamba amekufa. Nilijua pia kwamba si adabu kulitaja jambo hilo. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kijani cha kuendea sokoni, amekipandisha, anatembea, na maji yanamfika magotini tu. Lambo limejaa mpaka ukingoni, linameta, bata wa porini wanaelea pembeni, lakini yeye anatembea na maji ni ya magotini. Sikushangaa. Kilichonishangaza ni mchanga. Ulikuwa kwenye nywele zake na nyuma ya masikio, mkavu, unadondoka taratibu kila anapopiga hatua, na hauishi.

"Wifi, umenenepa," alisema. "Madumu yanalia."

Nikacheka. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, mimi na yeye, hatukuwahi kusalimiana bila kuchokozana. Nikamwambia yeye amekonda, huko alikoolewa hawampikii. Akacheka na yeye. Moyo wangu ukafurahi kupita kiasi, nikasema moyoni, kumbe hana kinyongo, kumbe yote yamekwisha.

"Una maji hapo?" aliniuliza.

Nikaangalia huku na huku, maji yamenizunguka pande zote. Nikaona kata mapajani kwangu. Nikainama nikachota yale ya juu kabisa, meupe, nikampa kwa mikono miwili. Yalipomfikia yalikuwa tope. Aliliangalia, akanirudishia kata bila kumwaga hata tone, kama mgeni anayerudisha sahani ya chakula kilichochacha na hataki kumwaibisha mwenyeji.

Nikasema, "Ngoja nichote tena."

Nikachota tena, na ninachota mpaka sasa, na kila nikimpa ni tope, na yeye ananirudishia. Midomo yake imepasuka. Nataka kumwambia aende kuomba kwa jirani, halafu nakumbuka kwamba majirani wote wanakunywa hapahapa.

Nilipoinua macho Tabu hakuwepo, na lambo halikuwepo. Lilikuwa korongo tu, na katikati ya korongo watu wengi wanajenga ukuta. Mimi ni mtoto. Nina kibuyu cha maji kinachonizidi uzito, kazi yangu ni kunyunyizia udongo ili ushike. Wanaume wanaburuta udongo juu ya ngozi za ng'ombe, wanaumwaga, na ng'ombe wanazungushwa juu yake, mzunguko baada ya mzunguko, ili kwato ziukanyage uwe mgumu kama sakafu. Nyimbo zinaimbwa lakini sauti hazinifikii. Anayeswaga ng'ombe ni baba.

Alikuwa kijana, mdogo kuliko mimi nilivyo sasa. Nilimwonea huruma kwa jinsi alivyokuwa akijituma.

"Mariamu," aliniita bila kugeuka, "umekifunga kifuniko?"

"Nimekifunga, baba."

Nilimdanganya hata yeye, na yeye ni marehemu, na mimi ni mtoto wa kibuyu. Neno lilitoka lenyewe. Baba akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaendelea kuswaga.

Ng'ombe wanazunguka. Sasa naona kwamba miguu yao inazama. Udongo hauwi mgumu, unazidi kulainika, unawafika magotini, unawafika tumboni, na baba anazunguka nao palepale, naye anashuka. Kutoka mlimani udongo mwingine unatambaa kuja, mwekundu, polepole, bila mvua, unapita katikati ya mashamba ya watu ninaowajua, na hakuna anayeuzuia. Nikamwambia baba atoke. Hakunisikia, au alinisikia akaona haina haja.

"Tulijenga nyumba ya maji," alisema kwa upole sana, "udongo ukahamia."

"Tutauhamisha, baba. Tumeomba mtambo."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nani ameomba?"

Nikataka kuwataja watu wa kamati, nikataka kumtaja Yohana, lakini majina yao yote yalinitoka kichwani. Ng'ombe walikuwa wamebaki pembe. Baba alikuwa bado ananiangalia kama anayengoja jibu dogo tu ili aendelee na kazi.  Kibuyu changu kilikuwa kimekauka, na kulikuwa na joto.

Mtu alinishika mkono. Alikuwa Tabu tena. Vidole vyake vilikuwa na chembechembe za mchanga, vikinikwaruza. Tuliondoka pale bila kumuaga baba, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Tunatembea. Najua njia, ni ile inayopita nyuma ya zahanati, inateremka kwenye miiba, inatokea kwenye mto wa mchanga. Namwambia Tabu tusiende huko. Anasema, "Twende tu, wifi, foleni itakuwa ndefu." Anasema kwa sauti ya kawaida ya asubuhi, sauti ya mtu aliyeacha unga kwenye ungo. Ninavuta mkono, hauachii.

Foleni ilikuwa ndefu kweli. Wanawake wote wa kijiji wamesimama mchangani na ndoo vichwani, wamenipa migongo. Niliwajua wote kwa vitenge vyao. Hakuna aliyegeuka. Tulipita pembeni yao mpaka mwanzo wa foleni, na pale lilikuwepo shimo.

Tabu akaanza kushuka. Kulikuwa na vingazi vimechongwa mchangani, akaviteremka kwa uhodari wake uleule, mguu mmoja, mguu mwingine, mpaka nikawa naona utosi wake tu. Akachota, akanipandishia kata. Ilikuwa na mchanga. Nikaipokea nikampa aliye nyuma yangu, naye akampa wa nyuma yake, na ule mchanga ukaenda kutoka mkono hadi mkono mpaka mwisho wa foleni, na ukamwagwa ndani ya ndoo kwa uangalifu, wasiumwage chini.

Kisha sauti moja katika foleni ikasema, "Tumwulize mpimaji."

Mti ulikuwa mkononi mwangu. Sikukumbuka kuubeba. Nikauteremsha shimoni. Alama ya goti ikapita, haikugusa kitu. Kiuno kikapita. Kifua kikapita. Shingo ikapita, na mti unaendelea kushuka, unapita viganjani mwangu kama hauna mwisho, na chini hakuna maji wala mwamba wala chochote cha kuusimamisha. Wanawake wanangoja. Nasikia ndoo zao zikigongana kidogo. Nilijua kabisa cha kusema. Nilijua kwamba hakuna.

Nikasema, "Shingo."

Vigelegele vikapaa. Nakiri kwamba hata humo ndotoni, pembeni ya shimo lile, na ninajua nani yumo ndani, nilisikia raha. Nilisikia raha mwili mzima. Wakaniita jina langu lile, nikainua mkono.

Ndipo mchanga ulipoanza kumeguka ukingoni. Haukuanguka kwa kishindo. Ulitiririka kidogo upande huu, kidogo upande ule, kwa mlio mdogo kama wa mtama unaomiminwa ghalani. Nikalala kifudifudi nikamnyooshea mkono. "Tabu, panda." Alikuwa anaufikia, ila hakuushika. Aliinua uso akaniangalia, na hakuwa na hasira. Ningependelea angekuwa nayo.

"Ulitupa neno zuri, wifi," alisema. "Mimi nililifuata hilo neno mpaka mchangani."

"Nisamehe."

"Sikuja kwa hilo."

"Ulikuja kwa nini?"

"Nilikuja kuchota. Nimekuta hakuna."

Nikalia. Nilimwambia yote, kifuniko, kitanda, mchana ule wa jua, nilimwambia kwamba sikujua, na kwamba nilipojua niliogopa, na kwamba Yohana akijua sitakuwa na ndugu duniani. Alinisikiliza akiwa ametulia, mchanga ukimzunguka miguu.

"Usimpe mtu neno la kumfurahisha tena," alisema. "Hata akililia. Sema lililopo."

"Lililopo litawafukuza wote."

"Sema lililopo."

Halafu akasimama wima, akaweka mikono pembeni, kama mtoto anayepimwa urefu mlangoni. "Pima," akasema.

Sielewi hata sasa nilipata wapi nguvu. Mchanga ulikuwa umemfika alama ya kwanza. Nikasema, "Goti," na sauti yangu ilikuwa nyembamba. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nyuma yangu nikasikia ndoo moja ikiwekwa chini. Mchanga ukapanda. Nikasema, "Kiuno." Ndoo nyingine zikawekwa chini, na nyayo za watu zikaanza kuondoka, nyingi, bila maneno, zikielekea kusini. Nilitaka kugeuka niwaone kwa mara ya mwisho, lakini Tabu alikuwa ananitazama, na niliona kwamba nikiondoa macho atabaki peke yake. Mchanga ukapanda. "Kifua." Sasa kumekuwa kimya. Wameondoka wote. Tuko wawili, mimi juu na yeye chini, na jua liko palepale lilipokuwa tangu mwanzo.

Mchanga ukafika alama ya nne. Nikafungua mdomo kusema neno nililolizoea kuliko maneno yote, na halikutoka. Nikajaribu tena. Tabu ananingoja nilitamke, macho yake yananiomba nilitamke ili liwe limesemwa, na mimi siwezi. Mchanga ukaendelea.

Niliamka nimeshika ukingo wa kitanda, mdomo uko wazi.

Kulikuwa kumepambazuka. Jogoo walikuwa wameshanyamaza, na nilisikia watu wakipita nyuma ya nyumba kwenda lamboni, wanazungumza kwa furaha ya siku ya kupima, mtu mmoja anasema amewaalika wajomba zake walete ng'ombe. Nilikaa kitandani nikiwa sijui kama nimelala au sijalala.  Sikuwa na faraja yoyote ya kuonana naye. Nilikuwa na maagizo tu.

"Hodi, dada." Ilikuwa sauti ya Yohana. "Watu wameanza kufika."

Nilitoka nikiwa sijanawa uso. Alikuwa amevaa shati lake jeupe. Nilimwambia aketi, akaketi juu ya kinu kilichogeuzwa. Nikamweleza palepale uani, nikiwa nimesimama, kwa maneno mafupi, nikiogopa kwamba nikiyapamba nitayageuza. Nilimwambia maji ni goti. Nilimwambia yalikuwa goti mwaka jana pia, au yalizidi kidogo tu, na kwamba mimi nilipima tope nikaliita maji. Nilimwambia nilijua tangu wiki ya mazishi. Kisha nikamsimulia ndoto yote, kama nilivyoisimulia hapa.

Hakunyanyua sauti wala mkono. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Jirani mmoja alipita na kutusalimu, tukamwitikia wote wawili, vizuri tu.

"Alikuwaje?" Yohana aliuliza mwishowe.

"Alikuwa Tabu yuleyule. Alinitania kwamba nimenenepa."

Kitu kilipita usoni mwake, karibu kiwe tabasamu.  Nilingoja anitukane. Nilingoja aseme kwamba kuanzia leo si dada yake, na nilikuwa tayari, nilikuwa hata nimelipangia jibu. Lakini aliponitazama macho yake yalikuwa ya yule mdogo wangu niliyembeba mgongoni, anayetaka kupewa kitu.

"Huko alipo," alisema, "maji yapo?"

Nilikuwa nayo. Haki ya Mungu nilikuwa nayo tayari kwenye ulimi, chemchemi na kivuli na majani mabichi, na yeye akiwa amekaa pembeni, miguu majini. Isingenichukua pumzi mbili. Angelala usiku ule. Angelala mwaka mzima.

"Hapana," nilimwambia. "Alikuja kuomba kwetu."

Yohana aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama alivyokuwa akiitikia nilipotangaza vipimo. Akanyanyuka, akajipangusa vumbi la kinu kwenye suruali, akaenda lamboni kuwaambia watu wafunge mizigo. Nikamfuata kwa nyuma. Sikuthubutu kumwuliza kama naye angefunga wake.